Wifi na Fimbo Isiyolia

Machi 9

Mvua ya kwanza imelipiga bati la karakana tangu asubuhi. Katikati ya kelele hizo wifi yangu akaingia mlangoni, kalowa chapachapa, begi begani na sanduku refu la mbao mkononi. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kimefungwa. Baba mkwe akaacha mkebe wa grisi wazi, akaenda kumkumbatia bila hata kupangusa mikono.

"Mwanangu! Mwanangu wa kumzaa!"

Nilisimama palepale na ovaroli yangu iliyojaa vumbi la chuma, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Niliolewa katika nyumba hii nikijua kupika na kushona vifungo. Baba ndiye aliyeniweka mbele ya mashine ya kukereza akanifundisha kuelekeza kisu kwenye chuma kinachozunguka. Mume wangu hakuipenda kazi hiyo. Yeye ni mtu wa kupokea wateja na kupeleka mizigo, na kucheka nao. Basi ufundi ukaja kwangu, mkwe. Baba akaniita Sikio, maana mashine ikitaka kutetemeka mimi husikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku hizi masikio yake yeye yamechoka, hunitazama usoni ajue kama kazi inakwenda vizuri.

Leo hajaniita Sikio hata mara moja. Naandika haya ili nisije nikamwambia mtu.

Machi 10

Binti yetu, Chiriku, ambaye husema kuliko redio, amehamishia mto wake kwenye kitanda cha shangazi yake. Hakuniuliza.

Machi 13

Baba amempa wifi mashine ndefu iliyo dirishani. Mashine yangu.

"Wewe utakaa na ile ndogo ya mlangoni kwa muda," akasema. "Mwenzio anataka kutuonyesha kitu."

Kwa muda! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Mimi nimekaa humu miaka chungu nzima, na leo ndiyo naiona kamba yangu.

Machi 14

Nieleze alichotuonyesha, maana tangu jana sina kingine kichwani.

Kazi yetu kubwa ni silinda za pampu. Kuchonga nje ya chuma hakuna shida. Kazi ni ndani. Kisu kinafungwa kwenye ncha ya fimbo ya chuma, fimbo inaingizwa ndani ya tundu, na kadiri tundu linavyokuwa refu ndivyo fimbo inavyoning'inia bila msaada. Chuma kikizunguka, fimbo huanza kucheza kama ubao uliotokeza nje ya meza ukaupiga kwa kidole. Hapo ndipo mashine inalia. Mlio huo ukiusikia kwa karibu, meno yanafanya ganzi. Na ukuta wa ndani, badala ya kuwa laini, unatoka na mawimbi kama mchanga wa mtoni. Mpira wa pampu ukipita juu ya mawimbi hayo, unalika upesi.

Mimi nilikuwa na dawa zangu. Napunguza mwendo. Nanoa kisu kiwe na ncha ndogo. Nakaba fimbo kwa kabari ya mbao. Nasikiliza, na mvumo ukianza tu naondoa mkono. Ni kazi ya subira, silinda moja inakula kutwa nzima.

Wifi akafungua sanduku lake, akatoa fimbo nene kuliko zetu. Ameichonga mwenyewe, ndani ina uwazi, na ndani ya uwazi kuna kipande kizito cha madini ya risasi kilichokaa juu ya pete za mpira na kuzungukwa na oili.

"Fimbo ikitaka kwenda huku," akamwambia Baba kwa sauti kubwa, akiegemeza bega lake kushoto, "uzito unabaki nyuma, unaivuta kule. Zinashindana mpaka zinachoka. Mtetemo unafia humo ndani."

Akafunga silinda, akawasha, akaweka mwendo ambao mimi nisingethubutu. Nikakunja uso nikisubiri mlio. Haukuja. Kisu kilikuwa kinakula chuma kwa sauti ya mtu anayechana karatasi, basi. Alipomaliza, Baba akaingiza mkono ndani ya tundu, akaupitisha taratibu, akautoa, akaingiza tena. Akalia machozi. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama mkwe.

Mume wangu akanipiga kikumbo kidogo. "Mama Chiriku, umeona? Haina haja hata ya kusikiliza!"

Alikuwa anafurahi tu, maskini. Hajui alichosema.

Machi 15

Mvua. Kichwa kinaniuma. Nimekereza bolti.

Machi 21

Wateja wameongezeka. Wanaingia na miavuli inayochuruzika, wananipita mimi hapa mlangoni na kuuliza, "Yule dada wa fimbo yuko wapi?" Mmoja alinikabidhi mwavuli wake nimshikie.

Wifi si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya! Anaosha sahani zake, anamsaidia Chiriku hesabu, ananiita "wifi yangu" kwa sauti ya upole. Ukimchukia mtu mbaya, unapata usingizi. Ukimchukia mtu mwema, unabaki unageuka kitandani ukijitafutia sababu.

Machi 27

Sababu nimeipata: huimba akiwa kazini. Nani huimba kwenye karakana?

(Mimi niliimba zamani. Niliacha ili nisikie mashine.)

Aprili 4

Mafuriko yameingia kwenye nyumba ya pampu ya mji. Silinda kubwa imekwaruzwa na mchanga, haivuti tena. Ajabu ya mwaka huu: mvua inanyesha usiku na mchana na mabomba makavu. Watu wanakinga maji ya paa, wanachemsha. Shuleni kwa Chiriku watoto wengi wanaumwa tumbo.

Aprili 8

Bwana wa maji, msimamizi wa pampu ya mji, amekuja mwenyewe, buti za mpira hadi magotini, nyuma yake vijana wamebeba silinda mpya iliyotoka tu kuyeyushwa, nzito kama ng'ombe. Tundu lake halijachongwa.

"Ni hii moja," akasema. "Barabara ya huko ilikoyeyushiwa imekatika. Mkiiharibu, tunasubiri mvua iishe. Na mnajua hali za watoto."

Baba akatutazama. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wifi. Nilikuwa nimeshapangusa mikono. Baba akanyoosha kidole juu ya bega langu.

"Huyu binti yangu ataifanya."

Nikasogea kando ili kidole kifike kinakokwenda.

Aprili 9

Jioni nimemwambia mume wangu kwamba dada yake amenifanya mtu wa kufagia. Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki.

"Ni dada yangu, Mama Chiriku. Kwake kumeharibika, arudi wapi?"

"Na mimi kwangu ni wapi?"

Akasema chai inapoa.

Aprili 11

Wamekwisha kuikereza silinda mara ya kwanza, kwa kisu kikubwa. Kesho ndiyo kazi ya kulainisha ndani. Wifi na Baba walikwenda na mume wangu kupima mahali pa kuifungia huko kwenye nyumba ya pampu. Nikabaki peke yangu karakana, mvua inapiga bati, fimbo imelala juu ya kitambaa kama mtoto mchanga.

Nikaifungua.

Sikutaka kuiharibu, hilo naapa. Nilitaka kuona kitu gani hasa kimenishinda. Nikaibana, nikazungusha bolti ya nyuma, nikachomoa ule uzito. Kitu kidogo tu! Kipande cha risasi kama mche wa sabuni. Na pete mbili za mpira.

Pete zilikuwa zimevimba. Nilipozibonyeza kwa kucha zikabonyea na kubaki hivyo hivyo, laini kama sabuni iliyosahauliwa majini. Oili imezila. Mpira wa namna ile haupatani na oili, kila mtu anayefungua breki za gari analijua hilo. Pete zikishakuwa hivyo, uzito hauelei tena, unalala ubavuni mwa fimbo. Na hapo fimbo inakuwa fimbo tu kama zangu, mbaya zaidi, maana ndani ina uwazi.

Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nikakaza bolti.

Waliporudi wifi aliniuliza, "Salama hapa?"

"Salama," nikajibu.

Kumwambia pete zimeoza ni kumwambia nimeifungua. Ndivyo nilivyojidanganya kutwa. Ukweli ni huu, na nauandika nikiwa na akili zangu timamu: nilitaka ilie. Mara moja tu, mbele ya Baba, ilie.

Aprili 12

Nimeosha mikono mara nyingi leo na bado inanuka chuma.

Asubuhi walikuwepo wote. Baba kwenye kigoda chake, mume wangu mlangoni, Bwana wa maji na buti zake. Wifi akafunga fimbo, akapima, akapima tena. Akaniangalia. "Wifi, uko tayari na oili?" Nilikuwa nimepewa kazi ya kumimina oili kwenye kisu.

Ningeweza kusema pale. Mdomo niliufungua kabisa. Baba akasema, "Haya mwanangu, bismillahi," kwa ile sauti ambayo zamani ilikuwa yangu, na mdomo ukajifunga.

Kisu kikaingia. Mwanzoni kilichana karatasi kama kawaida. Kisha, chini ya kelele za mvua, nikausikia: mvumo mdogo, mzito, kama nyuki ndani ya ukuta. Nikamwangalia wifi. Hakusikia. Amezoea fimbo yake kuwa kimya, hana sababu ya kutega sikio. Baba hasikii siku hizi. Bwana wa maji anajua nini? Katika nyumba nzima aliyejua ni mimi peke yangu.

Nikaendelea kumimina oili.

Mvumo ukapanda. Nikahisi unanipanda miguuni kupitia sakafu. Nikajiambia, acha kidogo, acha usikike. Ukasikika. Fimbo ikapiga yowe, yowe la kweli, Bwana wa maji akaziba masikio, na wifi akabaki ameduwaa mikono hewani, kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe.

Niliyevuta breki ni mimi. Niliruka juu ya ndoo ya oili nikavuta.

Kimya. Mvua tu.

Tukaingiza taa. Upana wa kiganja, ndani kabisa, ukuta umejaa mawimbi. Wifi akapima kina chake, akapima unene uliobaki. "Nyama ya chuma ipo," akasema. "Kidogo. Ya kupita mara moja tu."

"Sikio!" Baba alisimama, akanishika mabega. "Sikio ameokoa silinda! Mmeona? Angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunalia."

Ndilo neno nililolitamani tangu mvua ianze. Nimelipata, na lilikuwa chungu kama shubiri.

Wifi alinifuata stoo. Alikuwa ameshaifungua fimbo, pete zile zimo kiganjani mwake.

"Nilizungushia uzi kwenye meno ya bolti ili oili isivuje," akasema. "Uzi haupo. Nani kaifungua?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana."

"Na hizi uliziona?"

"Niliziona."

"Ukanyamaza."

Nilitazama mapipa.

"Wifi, ungenichukia mimi, ningevumilia. Mawifi kuchukiana si habari mpya. Lakini chuma kile ni cha watu. Chiriku naye anakunywa maji hayo!" Akazitupa zile pete chini, moja ikaviringika mpaka kwenye kiatu changu. "Unajua alichokuwa ananisimulia Baba kila nikipiga simu, miaka yote hii? Sikio kafanya hivi, Sikio kasikia vile. Mimi nimechonga fimbo hii ili siku moja anisimulie mimi."

Akalia. Na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililohisi halikuwa huruma. Nilihisi raha: kumbe alinionea wivu! Huruma ilikuja baadaye, ikatembea polepole kama mgonjwa.

"Pete za jeki ya lori," nikasema mwisho. "Zile haziliwi na oili. Nitamwambia kaka yako akazitafute."

Akajifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Ila nalihitaji sikio lako kesho."

Aprili 13

Mume wangu alizunguka mji mzima kwenye mvua, akarudi na pete za jeki ndani ya soksi. Usiniulize kwa nini soksi.

Pete mpya ni ngumu kuliko zile, kwa hiyo uzito ulikaa vingine. Kuna bolti inayozibana; ukiikaza mno uzito unaganda, ukiilegeza mno unachezacheza ovyo. Katikati kuna mahali pake. Wifi kiwandani alikuwa na chombo cha kupimia. Hapa alikuwa na mimi.

Nikaigonga fimbo kwa nyundo ya mbao, nikasikiliza. Ikaimba muda mrefu. "Kaza." Nikagonga. "Kaza tena. Hapana, rudi. Kidogo. Umepita." Tulifanya hivyo asubuhi nzima bila neno jingine kati yetu. Mpaka nikagonga na sauti ikafa papo hapo, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Hapo," nikasema.

"Una hakika?"

"Hapo."

Akapitisha kisu ile mara moja iliyobaki. Safari hii sikushika oili. Nilishika mguu wa mashine kwa mikono miwili, macho nimefumba. Hakuna nyuki. Hakuna kitu. Kisu kilipotoka upande wa pili, Baba akaingiza mkono, akakaa nao humo kitambo. Bwana wa maji akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," Baba akajibu. "Nafurahia tu."

Aprili 16

Maji yametoka. Kwanza yalikohoa, yakatoka mekundu, kisha meupe. Chiriku alifungua bomba akapiga kelele kama kaona simba.

Aprili 17

Nimelisema.

Tulikuwa mezani, na Baba akaanza tena hadithi ya jinsi Sikio alivyoruka juu ya ndoo. Ameshaisimulia kwa majirani wote, na kila akiisimulia ndoo inakuwa kubwa. Wifi aliinamia sahani. Hakuwa amesema kitu kwa mtu. Nikaona angeweza kukaa hivyo maisha yake yote, akiitikia hadithi ya uongo kwa kichwa, na mimi nikila sifa zake.

"Baba," nikasema, kwa sauti kubwa ili asikie, "nilijua pete zimeoza. Siku moja kabla. Nikanyamaza makusudi."

Mume wangu aliacha kutafuna. Baba akanitazama mdomo, kama anayedhani ameusoma vibaya. Nikarudia. Akainuka, akaacha chakula, akaenda chumbani kwake.

"Nani alikuomba useme?" wifi akanifokea. Hasira zake zilinishangaza. "Nyumba ilikuwa imetulia!"

Aprili 20

Baba haongei nami. Akitaka spana anamtuma mume wangu aniombe, na mimi niko hatua chache tu.

Aprili 24

Bado. Mume wangu naye ananizunguka kama sufuria ya moto. Jana alisema, "Ungeniambia, Mama Chiriku." Nikamwambia nilikuambia, ukasema chai inapoa. Akakaa kitandani, akaniomba radhi. Mvua imepungua.

Aprili 27

Nilimfuata Baba uani, anapolishia bata. Nikapiga magoti kwenye matope.

"Baba, kama nimekuwa mzigo, niambie niondoke kwenye mashine. Nitakaa nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Alikuwa amekasirika kwelikweli, akamwaga pumba zote chini. "Mgeni angenifanyia hivyo ningemfukuza siku ileile, nikasahau na sura yake. Wewe nikufukuze nikupeleke wapi? Nimekukasirikia, ndiyo! Na nitakukasirikia mpaka nichoke. Toka kwenye matope, utapata kikohozi."

Nililia huku nacheka. Bata wakanikimbia. Siku zote nilitaka anitendee kama damu yake, na kumbe ndivyo inavyokuwa.

Mei 3

Mashine ndefu ni ya wifi. Baba ametangaza rasmi, mbele yetu wote. Fimbo nayo ni yake, na karakana itachonga nyingine kama hiyo kwa ajili ya kuuza. "Na Sikio atazipima zote," akaongeza, bila kunitazama. Lakini aliniita Sikio.

Nilikwenda msalani nikakaa kidogo. Iliuma. Nani alisema kutubu kunaondoa wivu? Unabaki nao, ila unaufahamu kwa sura.

Mei 9

Wifi amekuja kwenye mashine yangu ndogo na vikombe viwili vya chai.

"Nifundishe kusikia," akasema.

Nilimwangalia. Mashine anayo. Baba anaye. Chiriku analala kitandani kwake. Hiki kimoja tu ndicho kilichobaki kuwa changu.

"Hakifundishiki," nikasema.

Akaacha kikombe kimoja, akaondoka na kingine.

Mei 11

Jua kutwa. Bati la karakana linatoa mvuke, na kwa mara ya kwanza tangu Machi unaweza kusikia kitu humu ndani.

Nilimwita. Nikafunga fimbo ya zamani, isiyo na uzito, ile inayolia. "Weka mkono hapa. Fumba macho. Usisubiri mlio, ukishasikia mlio umechelewa. Kuna kitu huja kabla yake. Kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Ukikipata, inua mkono."

Mara ya kwanza aliinua mkono mashine imeshaanza kupiga kelele. Mara ya pili aliinua pasipo na kitu chochote. Tukaendelea hivyo, na kila alipokosea nilimwambia "hapana" kwa upole, na rohoni nilikuwa nakula sukari. Baba alisogeza kigoda chake akatutazama. Chiriku akaja naye, akafumba macho, akainua mikono yote miwili ovyo.

Basi tukarudia tena. Nilisimama kando ya wifi, mkono wangu juu ya mguu wa mashine, macho nimefumba mimi pia. Kisu kikala chuma. Nikasubiri. Hakuna. Hakuna. Nikafumbua macho, na mkono wa wifi ulikuwa juu.

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Na papo hapo, baada ya mkono wake, nikakipata: ile pumzi, ndogo kabisa, chini ya kiganja changu.

Alikuwa amenitangulia.

Akafumbua macho, akaniangalia, anasubiri. Baba anasubiri. Ningeweza kusema hapana. Hakuna duniani ambaye angejua. Masikio yenyewe humu ndani ni yangu.

Moyo uliniuma kama jino.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo hiyo."